Punje Kumi na Nne za Haradali

Trevor Sowerby alikuwa fundi wa mabomba mjini Louth, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipigana vita vya angani juu ya meza ya jikoni, peke yake, pande zote mbili.

Alitandika kitambaa cha buluu kilichochorwa visanduku vya pembe sita, akasimamisha juu yake vijidege vya madini ya risasi, kila kimoja kama kidole gumba, vilivyokaa juu ya vijiti vya antena za redio kuukuu ili aweze kuvipandisha na kuvishusha. Ndege za Waingereza aliziendesha mwenyewe. Za Wajerumani aliziachia dadu, pamoja na jedwali aliloliandika kwa mkono: dadu ikitoa moja rubani anapanda, ikitoa mbili anapinda kushoto, na kuendelea. Kudanganya hakudanganya. Mtu anayejiibia mwenyewe mchezoni, alikuwa akisema, bora akalale.

"Leo umeshindwa na nani?" mkewe Maureen alimuuliza kila alipopita na kapu la nguo.

"Na mimi."

"Afadhali. Ungeshindwa na mtu mwingine ungenuna wiki nzima."

Mwezi Machi mwaka 1986 aliitwa nyumbani kwa Bi Enid Stothard, mwanamke wa miaka sitini na mitano ambaye hakuolewa, aliyekuwa na duka la nyuzi za kufumia karibu na soko. Boila lake la kuchemshia maji lilikuwa linagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Trevor akalifungua, akalisafisha. Bi Enid akakaa kwenye kiti akamtazama mikono.

"Trevor, siku hizi unapaka rangi kucha?"

"Rangi ya ndege hiyo, Bi Enid. Napaka vijidege vyangu." Akamweleza ule mchezo, harakaharaka, kama watu wanavyoeleza jambo wanalojua watachekwa.

Bi Enid hakucheka. Alisubiri mpaka boila likawashwa, kisha akasema, "Hebu kaa."

Akakaa.

"Unamkumbuka kaka yangu Wilf? Hapana, hukuwa umezaliwa wala kufikiriwa. Wilf aliendesha Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza. Agosti ya mwaka arobaini walipaa sita, wawiliwawili, wakashambuliwa na Wajerumani wanane juu ya bahari, huko kusini. Kazi ya Wilf ilikuwa kumlinda mkubwa wake, Lorimer, upande wa mgongoni. Lorimer akauawa. Wilf akarudi bila hata tundu moja kwenye ndege."

"Ah."

"Ndivyo walivyosema na wenzake. 'Ah.' Hakuna aliyemsemesha tena mezani. Akatuandikia barua kwamba alipinda kukwepa risasi, na alipomaliza kupinda akatazama pande zote asimwone mtu. Siku kumi na moja baadaye akagonga kilima kwenye ukungu, akafa. Baba alimzika bila kumlilia. Alisema watu kumi na wanne hawapotei mbinguni kama sindano."

Trevor hakujua aweke wapi macho. Akaitazama spana.

"Jumatatu ya wiki ijayo wananipasua kifua hospitalini Leeds," Bi Enid akasema. "Daktari anasema wengi huamka. Mimi naweza nisiwe katika wengi. Una meza, una ndege, na hudanganyi, nimesikia. Nataka unitazamie kama kaka yangu alimwacha yule mtu. Ukiona alimwacha, uniambie hivyohivyo. Usinipake mafuta."

"Mimi ni fundi bomba, Bi Enid."

"Na mimi nauza nyuzi. Tumeulizana?"

Trevor akakubali. Njia nzima aliporudi aliona amebeba kitu kisichoingia kwenye gari lake.

Alikuwa na nakala ya daftari la kikosi cha Wilf, mojawapo ya nyingi alizozikusanya kwa ajili ya mchezo, na Bi Enid alimpa ile barua. Urefu kutoka baharini, saa, upande wa jua, nani alipinda wapi: vyote vilikuwepo. Jumatano jioni akapanga vijiti. Lorimer mbele, Wilf nyuma yake, Wajerumani wanane wakishuka kutoka kwenye jua. Akampindisha Wilf kushoto kama barua ilivyosema, sekunde ishirini. Kisha akamwachia Wilf nafasi ya kurudi.

Wilf akarudi, akamfyatulia Mjerumani aliyekuwa mgongoni kwa Lorimer, na Lorimer akapona.

Alhamisi akarudia. Lorimer akapona tena. Ijumaa akacheza mara tatu. Akamwokoa mara moja, mara mbili akamkosa kwa dadu mbaya. Mara tano, Lorimer hai mara tatu, na katika zote tano Wilf alikuwa na njia nyeupe ya kumrudia. Ilikuwa pale pale mezani, hata kipofu angeipapasa.

Jumamosi asubuhi Trevor alikaa mbele ya meza, chai imepoa, uso kama wa mtu aliyefukuzwa kazi.

"Meza yangu imetekwa na Wajerumani tangu Jumatano," Maureen akasema. Alikuwa anatengeneza achari, na alitaka pa kuweka mitungi. "Watatoka lini?"

"Alimwacha, Maureen. Yule kijana alimwacha."

"Nani kasema?"

"Meza." Akamwonyesha. "Huyu Wilf. Huyu Lorimer. Tazama, yuko palee. Anageuka tu, anamfuata."

Maureen akainama, mikono kiunoni. Hakuwahi kuitazama ile meza vizuri. Kwake ilikuwa vumbi la kufuta. "Kutoka hapa mpaka pale ni mwendo gani?"

"Futi moja ya meza ni zaidi ya nusu maili."

"Na ndege yako hii bawa mpaka bawa ni inchi ngapi?"

"Moja na nusu."

Maureen aliuza vitambaa kwa yadi kabla hawajaoana, na hesabu za kichwani alikuwa nazo kuliko mumewe. Akapiga hesabu. Kisha akaangua kicheko.

"We mzee! Ndege hii ni kubwa kuliko uwanja wa mpira. Mtu anapita na uwanja wa mpira kichwani, halafu unashangaa mbona kaonekana?"

Trevor akafungua mdomo. Alitaka kusema kwamba kila mtu hucheza hivyo, kwamba vijidege hufanywa vikubwa ili mtu aweze kuvishika na kuvipaka rangi, kwamba ni kawaida. Yote yalikuwa kweli, na yote hayakuwa na maana. Akachukua kitabu cha kanuni za mchezo. Ukurasa wa kumi na mbili ulihusu kuona: kabla rubani hajamfuata mtu, atupe dadu kujua kama amemwona. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa ameufuta ukurasa huo wote kwa mstari wa penseli. Anayecheza peke yake anamficha nani? Yeye ndiye Mwingereza, yeye ndiye Mjerumani, na yeye ndiye anayesimama juu ya wote akiona kila kitu, kama Mungu aliyevaa kandambili.

"Ndege ya kweli ingekuwa kiasi gani hapa?" akauliza, sauti imeshuka.

Maureen akachovya kidole kwenye bakuli la viungo vya achari, akamwonyesha kilichoganda nchani. Punje ya haradali.

"Hii," akasema. "Na bado imenenepa."

Siku hiyo Trevor hakwenda kazini kwa mtu yeyote. Akaondoa vijiti, vijidege na kitambaa. Alipopiga hesabu za urefu kutoka baharini, akakaa chini ghafla. Vijiti vyake vya antena vilikuwa na urefu wa shubiri moja. Kwa kipimo cha kweli, ikiwa meza ni bahari, vita vile vilianza zaidi ya futi tano juu ya meza, karibu na dari. Na havikuenea juu ya meza tu. Vilijaza jiko zima, kutoka dirishani mpaka kwenye jokofu.

Darini kulikuwa na fremu ya mbao ya kuanikia nguo, ya kupandisha kwa kamba. Akaomba uzi wa kijivu na sindano nyembamba. Akatoboa punje kumi na nne, akavunja thelathini. Kila punje akaifunga kwenye uzi wake, akaining'iniza mahali pake: zilizokosa fremu akazipigilia darini kwa misumari midogo. Alizipanga kama zilivyokuwa Wilf alipomaliza kupinda, sekunde ishirini baada ya risasi ya kwanza. Katika sekunde hizo kila ndege ilikuwa imekwenda zaidi ya maili moja na nusu, huyu kushoto, yule kulia, mwingine chini.

Jumapili adhuhuri alifunga uzi wa mwisho, akashuka kwenye ngazi, akageuka kuitazama kazi yake. Jiko lilikuwa tupu.

Alijua zipo. Alizifunga kwa mikono yake. Akasimama, akasubiri, na moja ikajitokeza mbele ya kabati, kisha nyingine, kisha ya kwanza ikapotea. Nywele za mikono zikamsimama. Miaka kumi na tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza kuiona mbingu.

"Maureen," akaita. "Njoo. Ingia polepole, usitie upepo."

Maureen akaingia, mzaha ukamwishia mlangoni. "Jamani," akasema tu. "Jamani, watoto wale."

Bi Enid alikuja saa nane, amevaa koti lake la kanisani. Trevor akamweleza yote bila kupaka mafuta. Kwamba alicheza mara tano na kila mara kaka yake angeweza kurudi. Uso wa Bi Enid ukakaza, akaanza kufunga tena vifungo vya koti.

"Ngoja," Trevor akasema. "Nilicheza vibaya. Nilikuwa natazama kwa macho yangu. Panda hapa utazame kwa yake."

"Kwenye ngazi? Na moyo huu?"

"Nimekushika, Bi Enid," Maureen akasema. "Ukianguka tunaanguka wote, na mimi ndiye mnene, nitakuwa godoro."

"Mwaka jana nilikwea mti wa matofaa," Bi Enid akanung'unika, akapanda hatua mbili. Trevor akamwelekeza mpaka punje moja ikawa mbele ya pua yake.

"Huyu ni Wilf. Hapo ulipo ndipo alipokuwa. Meza ni bahari. Mle ndani wamo Waingereza wengine watano na Wajerumani wanane, na wowote kati ya hao wanane wanaweza kukuua. Mtafute Lorimer. Nitahesabu mpaka ishirini. Wilf hakupewa zaidi."

Jua la dirishani lilimpiga usoni. Bi Enid akatazama kulia. Akatazama chini kwenye meza, mbali kuliko alivyotarajia, akashika bega la Maureen. Trevor akahesabu kwa sauti ndogo. Kichwa cha yule mama kikaanza kwenda huku na huku, haraka, kama cha ndege aliyesikia paka. Kumi na mbili. Kumi na tatu. "Ile!" akasema, "hapana, ile ni doa la ukuta." Kumi na tisa. Ishirini.

"Amekufa?" Bi Enid akauliza.

"Amekufa. Na wewe una Mjerumani mgongoni."

Akageuka kwa nguvu mpaka ngazi ikalia. Punje ilikuwepo, shubiri moja nyuma ya sikio lake, imetulia. Hakuwa ameiona kabisa.

Nje kengele ya kanisa la Mtakatifu James ikapiga robo saa.

"Sikiliza, Bi Enid," Trevor akasema, maana hakutaka kumdanganya hata mwishoni. "Sijui alichofanya moyoni mwake. Punje haziwezi kuniambia hilo. Labda aliogopa."

"Sikukuuliza moyo wake. Moyo wake naujua, nimelala naye chumba kimoja miaka tisa. Nilikuuliza macho yake." Akajifuta pua kwa mkono wa koti la kanisani. "Baba alikuwa mtu wa shamba. Ng'ombe akipotea, unamwona upande wa pili wa bonde. Masikini Baba, hakuwahi kufika huku juu."

"Nikushushe?" Maureen akauliza.

"Bado. Lorimer yuko wapi?"

Trevor akamwonyesha kwa kijiti cha kufumia. Chini, nyuma ya bega la kushoto, zaidi ya futi tatu, mbele ya mlango uliopakwa rangi ya maziwa. Bi Enid alichukua muda mrefu kuiona hata akiwa ameonyeshwa. Alipoiona aliishikilia kwa macho, kama mtu anayeogopa kupepesa.

"Na yeye alikuwa akimwona Wilf?"

"Hapana. Wilf alikuwa juu yake, kwenye jua."

"Kwa hiyo alikufa akidhani ameachwa."

Trevor akakishusha kijiti. Jedwali lake halikuwa na mstari wa hilo.

"Karibu miaka arobaini na sita," Bi Enid akasema, "nimemchukia huyu mtu kwa kufa." Akainamisha kichwa kuelekea kile kitone kilichokuwa mbele ya mlango, akavuta pumzi na kuiachia, pumzi ndefu ya mgonjwa wa moyo. Ikapita katikati ya nyuzi. Punje ya Wilf ikayumba, na nyingine baada yake, na nyingine, mpaka mbingu yote ikawa inasogea jikoni kwa Maureen, taratibu, bila sauti, na watu watatu waliosimama ndani yake hawakujua tena nani alikuwa nani.