Chumba Kisicho na Mshale wa Kutokea

Mwalimu wa kompyuta aliwafundisha watoto kutunga michezo kwa kuichora kwanza: kila chumba kisanduku, kila mlango mshale. Siku hiyo walikuwa wakichora shule yao wenyewe, naye akapita meza kwa meza akiijaribu michoro kwa kidole.

Kwa binti waliyemwita Fundi, kidole kiliingia kwenye kisanduku cha stoo kikakwama.

"Umesahau mshale wa kutokea," alisema mwalimu. "Mchezaji wako atanasa humu."

"Sijasahau, mwalimu. Mlango wa stoo ukijifunga, kwa ndani hauna kitasa. Kiling'oka wiki iliyopita."

Mwalimu alianza kutabasamu, tabasamu likamfia mdomoni. Kabla ya kipindi alikuwa amemtuma Pengo, mdogo kuliko wote darasani, akalete waya wa umeme stoo. Pengo alipochelewa, mwalimu alidhani amenogewa na mchezo uwanjani. Pengo alikuwa na pumu, na stoo ilipakwa rangi jana.

Saa ya ukutani ilionyesha zimepita dakika thelathini na tano tangu amtume.

"Fundi, chukua mkoba wa Pengo, unifuate. Wengine msitoke."

Alivua viatu akakimbia. Harufu ya rangi ilimkuta koridoni. Aliita mara mbili, kimya. Alizungusha kitasa, akasukuma. Mlango ulisogea kidogo, ukagota. Kwa ndani kulikuwa na kitu kizito, laini.

Alipenyeza mkono akipapasa, vidole vikagusa nywele zenye jasho.

"Pengo, mama," alinong'ona mwalimu, "jisogeze kidogo tu."

Kisha ule uzito ukajivuta, taratibu mno.

Pengo alikuwa amelala sakafuni, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, kifua kikipiga filimbi. Fundi alishaitoa dawa ya kuvuta mkobani. Walimkalisha barazani penye upepo, akavuta mara moja, mara ya pili, hadi midomo ikarudiwa na rangi yake.

"Nilibisha, mwalimu," alisema. "Nilibisha sana."



Mama yake Pengo alipofika kumchukua, mwalimu alimweleza yote bila kujitetea. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka bila kuaga. Mwalimu alibaki amesimama pale langoni mpaka mlinzi alipomuuliza kama anaumwa.