Mume Aliyepakwa Mafuta

Mume wangu Nikifor alipakwa mafuta ya mwisho baada ya Pasaka, akiwa hoi kwa homa ya mapafu. Siku chache baadaye akaomba supu ya kabichi. Mama mkwe wangu, Fedosya, alijifuta machozi, akamletea bakuli, lakini nyama alikuwa ameshaitoa.

Kijijini kwetu, aliyepakwa mafuta akapona si wetu tena. Hali nyama, haogi na wenzake, halali na mke, halimi, maana udongo utakasirika. Padri mwenyewe alisema huo ni upuuzi, mafuta ni ya kuponya. Nani amsikilize? Watu wetu wanamzidi padri kwa dini.

Basi mwanamume mzima, mwenye nguvu zake, akawekwa kwenye benchi kando ya jiko, kazi yake kungoja. Majirani walimsalimia kwa kunong'ona. Nilikuwa na hasira.

"Lukerya," aliniambia, "nilipokuwa nakufa sikuogopa sana. Hii ndiyo naiogopa."

Siku hiyo hiyo nilichinja bata bukini. Nilimchoma mlango ukiwa wazi, kijiji kipate harufu, nikamwekea Nikifor paja.

"Una wazimu, mwanangu?" Fedosya akasema. "Huyo keshakuwa wa Mungu."

"Hata wewe ni wa Mungu, mama, na jana ulikula nguruwe."

"Atakuja kumchukua."

"Aje. Nyumba yetu anaijua. Atamkuta ameshiba."

Nikifor akacheka, kisha akalishambulia paja hadi ndevu zikalowa. Jioni nikaurudisha mto wake kitandani pangu. Asubuhi alikwenda kulima, na watu njiani wakajifanyia ishara ya msalaba.

Wakati wa mavuno homa ilirudi, na safari hii haikumwacha. Kijiji kikatikisa kichwa: tulikuambia. Nililia nikagaragara chini, sitasema uongo. Lakini tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana.

Siku ya arobaini baada ya kujifungua nilimpeleka binti yetu kanisani. Nyuma yangu wanawake wakanong'ona kwamba huyo ni mtoto wa maiti. Nikageuka, mtoto mikononi.

"Baba yake alikufa Agosti," nikasema, kanisa zima lisikie. "Kabla ya hapo alikuwa hai. Mimi nilikuwapo."