Maziwa ya Punje

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya, nyuma ya Ntalikwa, niliondoka kwetu na kibuyu kimoja cha mbegu za mahindi meupe. Dereva wa lori alitaka nikitupie nyuma pamoja na mizigo. Alipoona nimekikumbatia, akanipisha mbele, karibu naye, kisije kikagongwa.

Mwanangu Yahaya alikuwa Tura, kwenye kazi ya reli. Nilibaki na mkewe Zamda na mtoto wao Abasi, wa miezi minne. Mvua za mwaka uliotangulia zilikatika mapema, na unga wa njano wa serikali, ule ambao vijana waliuita Yanga, haukufika kwa wiki tatu. Tulikula mlenda mtupu. Zamda akaanza kukaukiwa maziwa. Hakulalamika. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena.

Nami nikawa nakitazama kibuyu.

Viazi tunapanda marando, kiazi tunakula. Muhogo tunapanda kijiti, mzizi tunakula. Kwa nini mahindi tuyafukie mazima? Kila aliyetwanga anajua kuwa punje ina jicho, kile kidoa cha kwenye ncha kinachotoka na pumba. Jicho ndilo linaloota. Ule weupe mwingine niliuona kuwa ni chakula kinachozikwa bure. Nikaamua kuyakata macho niyapande, na weupe nimtwangie Zamda uji. Kibuyu kimoja kingetulisha na kutulimia shamba.

Nilipomweleza Zamda, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuhame. Ni mtoto wa mjini huyu, kwao Tabora, karibu na Kitete; hata jembe alifundishwa nami. Akasema kama ingewezekana, mabibi zangu wangekwisha kugundua. Nikamjibu kwamba mabibi zangu hawakuhamishwa kwa lori.

Nilianza na konzi mbili, kwa kisu kidogo, jicho mojamoja. Uji ulijaa kikombe. Zamda alikunywa nusu, nusu akanirudishia, akidai ameshiba. Macho niliyafukia kwenye mchanga wenye maji, ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, na pembeni nikafukia punje chache nzima nipate kulinganisha.

Siku ya nne macho yalichipua. Nilimwita jirani yangu Apolinaria, aje aone. Alikuja na binti yake Bertila mgongoni, akainama, akatazama sana. Akakubali kuwa yamechipua, ila akanishauri nisubiri kidogo. Mimi nilikuwa nimekwisha kunoa kisu, nikitaka kukata kibuyu kizima, maana mawingu yalianza kukusanyika. Apolinaria akaniomba nimwazime mume wake kisu hicho siku chache. Nikampa. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba kwake kulikuwa na visu viwili, vikali kuliko changu.

Siku ya nane, vichipukizi vya macho vilikuwa vimelala. Nikavimwagilia. Siku ya kumi vilikuwa nyuzi za kahawia. Zile punje nzima pembeni, mchanga uleule, maji yaleyale, zilikuwa zimesimamisha majani mabichi.

Nikang'oa mche mmoja. Punje yake ilikuwa bado imeushika kwa chini, imelegea. Nikaibonyeza kwa vidole, likatoka tone jeupe. Nikaonja. Lilikuwa tamu.

Nilikaa chini palepale. Tangu utoto wangu nimepanda mahindi, nimetwanga, nimepika, na sikujua. Babu yangu alikuwa mpagazi katika njia ya pwani, na alisimulia kwamba msafara hauondoki Tabora kabla mpagazi hajapewa posho yake. Kumbe kila punje imefungiwa posho. Mtoto hajaamka, hana mzizi wala jani, na chakula chake kimekwisha kuwekwa hapo, kimekauka, kinangoja maji tu kigeuke maziwa. Kunyonyesha kote huko hufanyika gizani, chini ya udongo, nasi tunapita juu tukiongea mambo yetu.

Nilimwita Zamda. Naye akabonyeza punje, akaonja.

"Nimewanyang'anya watoto maziwa," nikamwambia.

"Usikate tena hata moja, mama. Tupande nzima."

"Na wewe je?"

Alimtazama Abasi.

Apolinaria alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kurudisha kisu. Aliketi mkekani, akamchukua Abasi mapajani mwa mama yake, akampa titi. Zamda akageuza uso. Tulimsikia mtoto akimeza.

"Sheria ya dini yenu naijua," Apolinaria akasema. "Wakishanyonya titi moja ni ndugu, hawaoani. Bertila wangu amekosa mume leo, na mimi nimekosa ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Zamda akasema, huku anafuta machozi. "Baba yake Abasi hana hata kuku."

Wakacheka wote wawili, na Abasi hakuachia.

Mvua ilinyesha siku ya pili yake. Mimi nilichimba mashimo, Zamda akatia punje mbilimbili, nzima, nami nikazifukia polepole kuliko nilivyozoea, mpaka akaniuliza kama mgongo unauma. Kibuyu kilipokwisha nilikigeuza na kukikung'uta. Haikubaki hata punje moja ya kula. Jioni tukapika mlenda, na Zamda akambeba Abasi kwenda kwa Apolinaria.