Maandishi ya Kilian Kwenye Bimu za Treni

Mzee Mansuetus alifanya kazi katika karakana ya reli miaka thelathini na moja, na alipostaafu akarudi nyumbani Mbamba Bay na ugonjwa wa treni usio na dawa. Wastaafu wenzake walinunua ng'ombe. Yeye alinunua injini kuukuu ya mashine ya kusaga, akaikata, akaichomelea, akaipaka rangi nyekundu mpaka ikawa treni yenye urefu wa kitanda. Ikabaki reli. Na reli aliitaka ipite juu, kimo cha kiuno, ili watoto wa chekechea wapande kama abiria wa bodaboda, miguu ikining'inia huku na huku.

Reli ya juu inataka bimu za zege. Watu wakamshauri alete fundi kutoka Songea. Yeye akampa kazi Ephrasia, binti wa Liuli, miaka ishirini na sita, kwa sharti moja: bimu ikishawekwa kwenye nguzo, mzee ataikalia mwenyewe, kilo zake tisini na tano zote. Ikipasuka, anaitwa wa Songea.

Kibarua mkuu wa Ephrasia alikuwa Kilian, Mmatengo wa Mkumbi, aliyeshuka ziwani baada ya msimu wa kahawa akiwa na cheti cha kidato cha nne na mdomo wa chuo kikuu.

"Kilian, hilo zege unalichanganya au unalihutubia?"

"Vyote, fundi. Zege lisilosemeshwa linapata huzuni."

Siku ya kumimina, Ephrasia alimwonyesha nondo zilizofungwa kwa waya ndani ya boksi la mbao. Nene mbili zilikaa chini, nyembamba mbili juu. "Mtu akikaa katikati, bimu inataka kubonyea. Tumbo lake ndilo linalovutika, kwa hiyo nondo nene inashika tumbo."

"Kama mkanda wa mzee."

"Kama mkanda wa mzee. Na akikusikia, mimi sikujui."

Walimimina bimu kumi na mbili, kila moja futi kumi kwa urefu, nyembamba, zimepigwa mwiko zikang'aa. Fundi alipokwenda ziwani kunawa, Kilian aliziona zimelala pale, bichi, laini kama daftari jipya, na mkono ukamwasha. Akaokota msumari. Akaandika utani mmoja juu ya kila bimu, kila utani kuhusu mtu mmoja wa kambi yao ya ujenzi, mpaka ya kumi na mbili. Hiyo ya mwisho aliiandika polepole, akaitazama, akaifunika upesi kwa gunia.

Kesho yake Ephrasia akaenda Liuli kwenye arusi ya dada yake, siku nane. "Mwagilia asubuhi na jioni, funika kwa magunia. Zege halikaushwi, Kilian. Linanyweshwa."

Kilian akanywesha kwa uaminifu kuliko mwenye ng'ombe. Lakini siku ya nne roho ikaanza kumsumbua. Tangu akiwa na miaka mitano amesimamishwa kwenye vichanja vya kahawa, na marehemu bibi yake alimtia adabu kwa jambo moja tu: kitu kilichoanikwa ni lazima kigeuzwe. Hizi bimu zimelala ubavu mmoja siku nne, upande wa chini haujaonja maji wala upepo. Akaita vijana wawili, Wamatengo wenzake, na wala hakuhitaji kuwaeleza. Walikuwa na bibi zao. Wakageuza saba, mvua ikawafukuza. Siku ya sita wakageuza tena, baadhi zilezile na baadhi nyingine. Kisha, ili fundi asikute ule utani, Kilian akakoroga saruji laini na kupiga niru, mpako mwembamba, juu na chini, bimu zote. Zikapendeza kama sabuni.

Ephrasia aliporudi alizisifu. Kilian akavimba kichwa kwa dakika kumi hivi.

Bimu ya kwanza ikapandishwa kwenye nguzo. Mzee Mansuetus akavua kofia, akakaa katikati taratibu kama anayekalia yai. Ikasikika kah. Ufa ukapanda kutoka tumboni mpaka nusu ya bimu.

Mzee akashuka, akavaa kofia yake. "Fundi, nondo umeweka au umeniwekea mabua?"

Ephrasia alichuchumaa, akachungulia ndani ya ufa, akaona nondo nyembamba. "Nondo zipo, baba. Nene ziko juu." Akainua macho. "Nani amegeuza hizi?"

Kilian akasema: "Upande wa chini ulikuwa haupati kitu, fundi."

"Haupati kitu. Umeanika kahawa?"

Mama Avelina, mpishi wa kambi, Mnyasa wa ziwani tangu enzi, akaweka sufuria chini ili acheke vizuri. "Hawa watu wa milimani ukiwapa mtoto mchanga watamgeuza kila saa."

Ephrasia hakucheka. Hakukuwa na njia ya kujua juu ni wapi. Niru ilikuwa pande zote mbili, na kuzichimba kutafuta nondo ni kuziharibu. Mzee akasema bila ukali kwamba watoto wanakuja Jumapili ya wiki ijayo, na kwamba jioni atampigia wa Songea. Ephrasia akaanza kukusanya miko yake. Alipofika kwenye ule wa tatu, Kilian akashindwa kuvumilia.

"Fundi, juu panajulikana. Leta brashi ya waya."

Akasugua bimu ya karibu. Upande mmoja, hakuna kitu. Wakaigeuza, akasugua, niru ikatoka unga, herufi zikajitokeza. Mzee akavaa miwani na kusoma kwa sauti: "Tumbo la mzee Mansuetus lina stesheni zake."

Watu wakatazama ziwani, kila mtu kwa sababu zake.

"Endelea kusugua," alisema mzee.

Ya pili: Kwa mama Avelina samaki mbasa mmoja analisha kijiji. "Kesho utakula mkia," alisema mama Avelina. Ya tatu, ya nne, mpaka kumi na moja; kila mmoja akapata haki yake, na kila bimu ikatiwa alama ya chaki panapostahili kuwa juu. Mzee akachagua ile ya tumbo lake. Ikapandishwa, akaikalia, akainuka, akajibwaga. Ikatulia. Akamwita mama Avelina naye akae. Ikatulia.

"Wa Songea apumzike," alisema.

Ikabaki ile iliyopasuka. "Hiyo haina haja," Kilian aliwahi kusema. Brashi ilikuwa tayari mikononi mwa Ephrasia. Akajiinamisha chini ya bimu, akasugua, ufa ukiwa umepita katikati ya maneno: Fundi Ephrasia akicheka, zege linakauka lenyewe.

Alikaa huko chini muda mrefu kuliko usomaji ulivyohitaji. Alipotoka alikuwa na vumbi la saruji kwenye kope.

"Hii ina kosa."

"Najua, fundi. Naomba radhi."

"Kosa la kazi. Zege halikaushwi. Nilikwambia mara ngapi?"

Alasiri wakamimina ya kumi na mbili upya. Ephrasia akapiga mwiko mpaka ikang'aa, akachomoa msumari kwenye ubao wa boksi, akampa Kilian.

"Andika tena. Sahihi safari hii. Halafu mtu akiigeuza, atanijua."