Maafisa Walipozidi Kihonda

Kiwanda chetu cha mafuta ya kula pale Kihonda kilipouzwa kwa mwekezaji, Salehe wa chama cha wafanyakazi alitushauri tujipe vyeo kabla mwenyewe hajafika. Akitukuta na majina makubwa, alisema, ataona haya kutupunguza. Tukakubali wote. Kondo mlinzi akawa Afisa Usalama, akayaandika maneno hayo kwa rangi nyekundu kwenye kibanda cha getini. Filomena mpika chai akawa Afisa Viburudisho. Mimi, mwandishi mahsusi mwenye diploma yangu, nikawa Afisa Utawala, na sikuficha. Jumuiya yetu nzima kule Mafiga ilijua.

Akaja meneja mpya, Jonathan, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho. Alizunguka ofisi zote akitoa shikamoo kwa adabu. Kesho yake akabandika tangazo: kila afisa awe na digrii ya chuo kikuu, asiye nayo atapunguzwa mwisho wa mwezi.

Kabla ya chai ya saa nne Kondo alikuwa anakwangua kibanda kwa kisu. Filomena akaja nimpigie chapa barua ya kuomba kurudi kwenye birika lake.

"Andika sijawahi kuwa afisa, Mama Winfrida. Andika nilisingiziwa."

Salehe naye akaja, tena kwa mlango wa nyuma. Nikawapigia wote. Yangu niliiacha mwisho kwa sababu iliniuma, lakini nina watoto shuleni na mume ambaye kiwanda chake kilishafungwa. Cheo hakipikwi. Mchana nikampelekea Jonathan mistari yangu miwili.

Akatia sahihi kwanza, ndipo akasoma.

"Lo, mama. Wewe nilitaka ubaki na cheo chako."

"Bila digrii?"

"Kazi yenyewe haihitaji digrii. Niliiweka kwa sababu nilikuta maafisa wengi kuliko wafanyakazi."

"Basi nirudishie barua yangu."

"Nimeshatia sahihi."

"Na kazi ya Afisa Utawala ataifanya nani?"

Akatazama dari kidogo. "Wewe, mama. Ila kwa cheo cha mwandishi mahsusi."

Nikamwambia mwandishi mahsusi anatoka saa tisa na nusu. Ilikuwa imekaribia, nikachukua mkoba wangu.