Msumari wa Harlan

Harlan Tollefsrud hajamaliza hata wiki tatu kaburini, ndugu yake Verlyn akaanza kugawa nafasi yake. Si shamba wala ng'ombe. Msumari! Pale kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, ambako wanaume saba wa upande ule wa Wisconsin walikutana kila Jumamosi asubuhi kulenga makopo kwa bastola, palikuwa na banda lenye ubao, na kila mmoja alikuwa na msumari wake wa kutundikia vikinga masikio. Wake zao walileta pai mpaka getini, wakageuza gari.

"Msumari wa Harlan tumempa mwenzetu mpya, Lowell," Verlyn alimwambia mjane mwenyewe, Ardis, tena jikoni kwake, tena huku anakunywa kahawa yake.

"Mmempa? Nyie kina nani? Msumari ule naurithi mimi."

Verlyn akacheka. "Shemeji, kule si kikao cha kushona. Ukisikia kishindo tu utaruka mpaka ziwani."

"Nirudishie bastola ya Harlan tuone nani ataruka."

"Bastola ya mwanamume inakaa na wanaume."

Aliichukua siku ya mazishi, eti anaihifadhi, na mpaka siku ile alikuwa hajairudisha, wala haya hana. Ardis akamwondolea kikombe mbele yake, kahawa ikiwa nusu.

"Basi nitanunua yangu. Mlango ule pale."

Mjini, muuza silaha aliyeitwa Gaylen alimtolea kibastola chepesi cha kutia mkobani. "Hiki ndicho kinawafaa kina mama. Mwizi akikuingilia..."

"Nani kakwambia nataka kumuua mtu? Nataka kutoboa makopo. Ile pale ni nini?"

Ile pale ilikuwa bastola ya mtumba ya jeshi la Urusi, ya mwaka 1944, yenye kipipa cha kuzunguka cha risasi saba, imejaa grisi ya ghalani mpaka mpini haushikiki. Bei yake haikufika hata robo ya kile kibastola.

"Hiyo achana nayo, mama. Kifyatulio chake kigumu hicho! Wanaume wazima wanakivuta kwa vidole viwili."

"Lete."

Gaylen akakagua kipipa, hakina kitu, akampa. Ardis akaielekeza kwenye ukuta wa nyuma, akavuta kwa kidole kimoja. Ta! Akavuta tena. Ta! Mikono ile imekamua ng'ombe miaka arobaini, sasa kifyatulio nacho ni kitu? Gaylen akatoa karatasi ya serikali, akapiga simu kuulizia kama mama huyu ana rekodi ya uhalifu. Hakuwa nayo, ingawa wiki ile nia alikuwa nayo.

Bastola aliichemsha kwenye sufuria kubwa ya jemu mpaka grisi ikatoka. Risasi zake zilikuwa za shida, alipata boksi moja tu, kwa hiyo hakuzigusa. Kila siku baada ya kuosha vyombo alisimama jikoni na bastola tupu, akaweka sarafu juu ya mtutu, akavuta. Sarafu ikaanguka. Akaiokota, akavuta. Alilia? Alilia, kwa nini asilie? Kiti cha Harlan kilikuwa pale pale. Alimlilia mumewe na akavuta, na wiki ya tatu sarafu ikaacha kuanguka.

Jumamosi iliyofuata gari lake halikugeuza getini.

"Pai iko wapi, shemeji?" Verlyn akauliza.

"Sikuoka."

Wakati Ardis anahangaika na vikinga masikio vya Harlan vinavyomshuka mpaka mashavuni, Verlyn akaiokota bastola mezani. "Ngoja nikujazie, usije ukavunja kucha." Akawakonyeza wenzake. Ulikuwa mchezo wao wa miaka mingi: katikati ya risasi nzima unachomeka ganda tupu. Mwoga husukuma mtutu chini kabla ya kishindo, na kishindo kisipotokea, kila mtu anauona woga wake.

Ardis akalenga. Kopo la kwanza likaruka. La pili alilikosa. Akavuta mara ya tatu. Ta!

Mtutu haukutikisika hata kidogo. Mlio ule alikuwa ameusikia jikoni mara elfu. Vilivyomshtua hasa ni vile vishindo viwili vya kwanza.

"Loo!" akasema mzee Selmer, mkubwa wao. "Mkono wa jiwe!"

Ardis akafungua kipipa, akalikuta ganda. Akamtazama shemeji yake.

"Limeingiaje hili?"

"Utani tu. Halafu hiyo bastola haina teke, hairushi mkono."

"Kama haina teke, shika. Nakujazia mimi."

Wenzake wanatazama, angekataaje? Ardis akampa mgongo, akajaza, akamkabidhi. Verlyn akalenga, akavuta kwa vidole viwili, na risasi ikatimua kokoto mbele ya kopo. Akavuta tena. Ta! Mtutu ukazama, macho akayafumba, bega likaruka. Alijua ganda limo, na bado!

"We Verlyn!" mzee Selmer akapasuka kwa kicheko. "Miaka ishirini unatwambia unakosa kwa sababu bastola yako imepinda!"

Walicheka mpaka wakashika meza. Lowell hakungoja kuambiwa, akaenda akatoa vikinga vyake kwenye msumari wa Harlan, akavishika mkononi.

Verlyn akaenda kwenye gari lake. Akarudi na kitu kimefungwa kwa kitambaa, akakifungua bila kumtazama mtu. Bastola ya Harlan.

"Nilikuwa naitunza tu, shemeji."

Mpini ule ulikuwa umechakaa upande mmoja, pale kidole gumba cha mumewe kilipokuwa kikikaa. Ardis akaugusa, akarudisha mkono.

"Iweke mezani. Leo natumia yangu." Akamgeukia Verlyn. "Wewe nenda kanipangie makopo."

Verlyn akaenda kupanga makopo.