Benchi la Wanaojua

Kitu cha kwanza alichokiona asubuhi ile kilikuwa kucha. Zilikuwa zimelala ukingoni mwa beseni la kunawia, ndefu na ngumu, zimekatwa kwa mkasi wake wa nguo. Akazitazama kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyotazama kucha. Hakuhitaji kuuliza ni za nani. Katika vyumba vile viwili vya kupanga walikaa yeye na kaka yake tu.

Kaka yake alikuwa akipiga gitaa kwa kucha za mkono wa kulia, bila kitu kingine, na alizilea kama mama anavyomlea mtoto wa kwanza. Kila jioni alizipaka mafuta. Kwa heshima ya kucha hizo hakuwahi kuosha sahani tangu wahamie pale, na dada mtu alinung'unika siku za mwanzo, kisha akazoea. Mchana alipakia saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na huko alivaa soksi nzito mkono wa kulia. Wapakiaji wenzake wakamwita Bwana Harusi, wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Hakujali. Kumbe walikuwepo watu wengine ambao aliwajali.

"Kaka, umekata kucha."

"Nimekata," alijibu kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kuulizwa.

"Na Jumamosi je?"

"Ndiyo kwa ajili ya Jumamosi. Waya, yule wa benchini kwa fundi, amesema mwanamume hapigi gitaa kwa kucha. Kucha ni za kukunia upele."

Dada mtu akauchukua mkasi wake, akaufuta.

Hiyo Jumamosi ilikuja hivi. Dada mtu alifanya kazi kwa dobi mmoja, kazi yake kutia wanga na kupiga pasi vitambaa vya meza vya ukumbi wa chakula uliokuwa jirani. Siku moja mzigo ulikuwa mzito, kaka yake akambebea. Walipofika mlango wa nyuma, vitambaa vikawa vinakaguliwa madoa, na kaka, ambaye gitaa lilikuwa mgongoni kwa sababu alikuwa ametoka nalo kwa fundi wa magitaa, akakaa kwenye ngazi za jikoni, akalishusha, akaanza kupiga kimya kimya. Mpishi aliyekuwa akikata vitunguu akasimamisha kisu. Muosha vyombo akafunga bomba. Mwenye ukumbi, ambaye wote walimwita Mama Ukumbi, alitoka mbio kuja kuwagombeza kwa kunyamaza, maana jiko likinyamaza kuna kazi haifanyiki. Akasimama mlangoni na taulo lake begani. Hakumgombeza mtu.

"Jumamosi mchana uje upige watu wakila," alimwambia kaka. "Hivi hivi, na hicho hicho. Mimi muziki siujui, nakwambia mapema usije ukanilaumu. Ninachojua ni hiki. Sahani zikishaondolewa, watu wakaendelea kukaa na kuagiza chai nyingine, kazi ni yako kila wiki. Wakiondoka, na wewe utaondoka nao."

Dada mtu aliutazama mkono wa kushoto wa kaka yake uliokuwa juu ya nyuzi. Mkono huo haukuvalishwa soksi kazini, kwa sababu mfuko wa saruji unataka angalau kiganja kimoja cha kuushika, na saruji ilikuwa imeanza kuupasua. Vidole vilikuwa na nyufa kama ukuta mbovu. Akiendelea hivyo, si muda mrefu vingebaki vidole vya kubebea mifuko tu. Kwa hiyo kazi ya ukumbini haikuwa starehe. Ilikuwa njia ya kutoka.

Wangekwenda moja kwa moja nyumbani, pengine hadithi ingekuwa nyingine. Lakini kaka yake alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hutafuta watu wa kuwaambia. Akaenda kuwaambia benchi.

Benchi lilikuwa nje ya duka la fundi wa redio na magitaa. Lilikuwa la fundi, ila yeye mwenyewe hakulikalia. Alikuwa ndani akichomelea. Waliokalia walikuwa wanamuziki, au tuseme watu walioitana wanamuziki. Mkubwa wao alikuwa Waya. Waya hakuwa na gitaa. Aliwahi kuwa nalo, likaenda lilikokwenda, akabaki na waya wa kuchomekea gitaa kwenye spika, na huo aliutembeza kwenye mkoba kama daktari anavyotembea na kipimo. Wa pili alikuwa Besi, mpiga besi ambaye besi yake ililala dukani mwa fundi ikingoja kifaa kisichopatikana. Wengine walikuja kutikisa vichwa.

Kazi yao ilikuwa kuhukumu. Hapakuwa na mpiga gitaa aliyepita midomoni mwa benchi lile akatoka mzima. Huyu nyuzi zake nyembamba mno. Yule analishika gitaa juu kama amebeba kichanga. Mwingine spika yake ni ya kuhubiria, si ya muziki. Kama anapiga vizuri au vibaya, hilo lilikuwa swali la watu wasiojua.

"Utapiga na spika gani?" Waya aliuliza, baada ya kuisikia habari.

"Mama amesema nipige vilevile, bila spika."

Wakatazamana, kana kwamba amesema atakwenda bila suruali.

"Bila spika," Besi akarudia polepole. "Kijana, wanamuziki watakuja pale. Wakikukuta umekumbatia ubao mtupu, jina lako limekwisha."

"Wanamuziki gani?"

"Sisi."

Dada mtu, aliyesimama pembeni na shuka la kufungia mzigo, aliuma midomo asicheke. Mtu mwenye besi iliyolala hospitali miaka nenda rudi, na mwenzake mwenye waya usio na pa kuchomekwa, ndio waliokuwa wameshika jina la kaka yake.

"Halafu hizi nini?" Waya aliunyanyua mkono wa kulia wa kaka, akaupeleka kwenye mwanga. "Mtu akikupa mkono si atadhani amesalimiana na mama mkwe?"

Benchi zima likacheka. Kaka naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma dada mtu kuliko cha wao.

"Kimya, mbona hucheki?" Besi akamgeukia. Kimya ndilo jina walilompa.

"Nacheka ndani," akasema.

"Ukicheka ndani utapasuka bure, dada yangu."

Basi ikawa kila jioni kaka anarudi na kitu kipya na neno jipya. Kwanza nyuzi nene, kwa sababu nyuzi nyembamba ni za watoto. Kisha kiplastiki cha kuchapia nyuzi, na ndipo kucha zikakatwa. Kisha spika ya Besi, dude kubwa kama kabati, lililokuwa nyumbani kwa Besi likifanya kazi ya meza. Mwisho ukaja waya wenyewe, ambao Waya aliutoa mkobani kwa mikono miwili, na maagizo ya jinsi ya kuukunja. Walikuwa wakimpaka kaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye alidhani anang'aa.

Dada mtu alimsikiliza akifanya mazoezi. Zamani alipiga akiangalia chini, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Sasa alipiga akiangalia mlango, kana kwamba kuna mtu amesimama pale na kalamu nyekundu. Sauti ilitoka safi, kubwa, iliyonyooka. Yeye wanga aliujua. Alijua kitambaa kilichotiwa wanga kupita kiasi: kinapendeza kikiwa kimekunjwa, lakini ukikitandika hakikubali kulala juu ya meza, kinasimama tu pembeni kama mbao. Hivyo ndivyo gitaa la kaka yake lilivyokuwa sasa.

Alitaka kumwambia. Mara mbili alifika mlangoni na neno likiwa mdomoni, na mara zote alilimeza. Angesema kama nani? Shule aliiacha kabla ya kuimaliza. Hata majina ya nyuzi hakuyajua. Angeulizwa, "Wewe unajua nini?" angejibu nini?

Jumamosi ikafika. Alikuwepo mapema kutandika meza, akajipa kazi zisizokuwepo ili asiondoke. Watu wakaingia: familia zenye watoto, wazee wawili marafiki, mabinti wa ofisini waliovua viatu chini ya meza. Benchi nalo likaja, likakaa meza ya mbele kabisa, likaagiza maji.

Kaka akapiga. Tuseme haki, hakukosea hata mahali pamoja. Spika ilinguruma, nyuzi nene zikaitika, na meza ya mbele vichwa vilikwenda juu na chini kama vya kuku wanaodonoa. Kila alipomaliza wimbo, kaka aliitazama meza ile. Hakuitazama nyingine yoyote.

Kwenye meza nyingine, watu walipandisha sauti ili wasikizane. Baadaye wakachoka kupandisha sauti, wakala haraka. Mtoto mmoja alijiziba masikio, na mama yake hakumkataza. Wale mabinti wakaanza kutafuta viatu vyao kabla sahani hazijaondolewa, na wale wazee wakainuka huku mmoja akitafuna bado. Sahani zilipotolewa, ukumbi ulikuwa na meza moja tu yenye watu, nayo ilikuwa ya maji.

Mama Ukumbi alikuja na taulo lake begani.

"Mwanangu, umepiga vizuri, sina la kukulaumu. Ila mimi nilimwita yule aliyekaa ngazini."

"Ndiye mimi, mama."

"Najua ndiye wewe." Akaonyesha viti kwa ncha ya taulo. "Tazama mwenyewe."

Kaka akatazama. Mama Ukumbi akamshika bega kidogo, akarudi jikoni, na baada ya muda redio ikasikika huko.

Benchi likamzunguka, likampiga mgongoni.

"Leo ndiyo umepiga," alisema Waya. "Sauti imekaa. Huo ni waya."

"Waya gani? Ile ni spika," Besi akasema.

"Spika bila waya ni sanduku."

"Na waya bila spika ni kamba ya kuanikia."

Wakabishana hapo, katikati ya viti vitupu, nani kati yao amepiga vizuri zaidi. Mwishowe wakakubaliana juu ya jambo moja, kwamba yule mama hajui be wala te, na kwamba mtu akishakubaliwa na wanamuziki, walaji ni wa nini. Kisha Besi akachungulia jikoni kuuliza kama kuna kilichobaki.

Spika waliibeba wao wawili, kaka upande huu na dada upande ule, jua likiwa bado liko juu. Wenye maarifa walikuwa na haraka zao. Njiani dada mtu alidhani kaka yake analia. Alipomtazama usoni aliona jambo baya zaidi. Kaka yake alikuwa anatabasamu kidogo.

"Jumatatu saruji," alisema kaka. "Lakini wamenikubali. Umewaona? Waya hajawahi kumkubali mtu. Mwanamuziki mwenzako akikusifu, hiyo ndiyo sifa. Wale wengine hata gitaa hawalijui."

Dada mtu akashusha upande wake wa spika chini, katikati ya njia.

"Umechoka?"

"Sijachoka." Akaona kwamba safari hii neno halirudi tumboni. "Kaka, mimi gitaa silipendi."

"Unasemaje?"

"Silipendi. Sijawahi kulipenda. Likianza redioni peke yake, mimi nazima. Hao rafiki zako wakijaribu magitaa pale dukani, naona kama wanakwangua masufuria. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni pako kwa sababu ulikuwa unapiga wewe. Hata kikohozi nilikuwa nakibana." Akavuta pumzi. "Leo nimesikia gitaa tu."